Nyumba inakusumbua? Toka nje kwanza kabla fundi hajavunja ukuta

Hii naandika kwa mtu anayekaa kwenye nyumba ya familia ya kawaida, zile za pembezoni mwa mji, ina ua kidogo, ina fensi, majirani kulia na kushoto na mwingine nyuma, barabara mbele, na kila baada ya miezi kadhaa lazima kuna kitu kimeharibika. Kosa letu kubwa (na mimi nimelifanya, ntasimulia hapo chini) ni kutibu pale panapoonekana. Ukuta umelowa tunapaka rangi ukuta, sinki linanuka tunamwaga dawa kwenye sinki, taa inacheza tunabadilisha taa. Kumbe mara nyingi chanzo kiko nje, kwenye ua, au kwa jirani, au kwenye mtaro wa barabarani, na maji ndo kabisa hayana adabu, yanaingilia huku yanatokea kule.

Kwahiyo kabla hujamwita mtu jiulize mambo matatu. Imeanza lini, na siku hizo kulitokea nini, mvua, jirani kajenga, umeme ulikatika ukarudi? Iko sehemu moja tu au nyumba nzima? Na majirani nao wanayo? Hilo la tatu watu wanaliruka, sijui ni aibu ama nini, wakati kugonga geti la jirani na kumuuliza "kwako maji yanatoka vizuri?" kunaweza kukuokolea wiki nzima ya kufungua mabomba bure.

Ukuta unalowa, rangi inavimba na kubanduka

Hapa ntakaa sana maana ndo palinitesa.

Angalia kwanza doa liko urefu gani. Kama liko chini, linaanzia sakafuni na kupanda lakini halivuki mita moja hivi, na juu yake kuna mstari kama wa chai iliyomwagika, na ukifuta kwa mkono unapata unga mweupe, basi hayo ni maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta na kubeba chumvi. Chini ya ukuta juu ya msingi huwa inawekwa nailoni nzito au lami ya kuzuia hiyo kitu, mafundi wanaiita DPC. Au haikuwekwa, au imechanika, au ipo na iko salama kabisa ila nje udongo umerundikwa mpaka umeivuka, na hii ya mwisho ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Kama doa liko katikati ya ukuta au juu, fuatilia saa. Linatokea masaa machache baada ya mvua alafu linafifia jua likiwaka? Tafuta ufa wa nje, pembe za dirisha, gata lililoziba, paa. Mvua haipo wiki tatu na doa linazidi kupanuka? Hilo ni bomba, na kama upande wa pili wa huo ukuta kuna bafu usijisumbue kutafuta kwingine.

Kama ni ukungu mweusi kwenye kona za dari, nyuma ya kabati, pembeni ya dirisha, na ukuta wenyewe ni wa baridi, hapo mara nyingi hakuna maji yoyote yanayoingia, ni mvuke wenu wenyewe. Mnapika, mnaoga maji ya moto, mnaanika nguo ndani, madirisha yamefungwa, mvuke unatafuta sehemu ya baridi unatua. Fungua dirisha, sogeza kabati liache nafasi ya vidole vitano toka ukutani, imeisha.

Ukishindwa kujua ni unyevu wa ndani au wa ukutani kuna jaribio la kijinga kabisa ila linafanya kazi. Kata kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa sahani, futa ukuta ukauke kwa juu, kibandike, ziba pembe zote nne kwa selotepu pasipite hewa, acha siku moja mpaka mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Ukikuta matone nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Kwangu ilikuwa nyuma, tena yamejaa mpaka selotepu ya chini ilikuwa imeachia na kulikuwa na mchirizi umeshuka mpaka kwenye skatingi.

Sasa hadithi yenyewe. Chumba cha watoto, ukuta wa upande wa jirani. Mwaka wa kwanza nikakwangua rangi, nikapiga skimu, nikapaka upya, pazuri. Baada ya mvua kubwa rangi ikavimba malengelenge. Mwaka wa pili nikamlipa fundi akabandua plasta yote mpaka tofali, akaweka plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kikapendeza sana, miezi minne tu maji yakatokea juu ya ile plasta mpya, yaani tulikuwa tumeyasogeza tu yapande zaidi. Mara ya tatu nikapata mzee mmoja, fundi wa zamani, alikuja mikono mitupu hana hata nyundo, akaingia chumbani akatazama kama nusu dakika, akaniambia twende nje. Tukazunguka. Akachuchumaa kwenye bustani yangu ya maua iliyoegemea ukuta ule ule, akachimba kwa kidole, akapima kwa shubiri, akanionyesha. Kila mwaka nilikuwa naongeza udongo na mbolea kwenye yale maua, na udongo ulikuwa umepanda shubiri nzima na zaidi juu ya mstari wa DPC. Alafu akanyanyua mkono akaonyesha kwa jirani. Jirani alikuwa ameweka pevingi ua mzima miaka miwili nyuma na imeinama kuja kwetu, kwahiyo mvua iliyokuwa inazama kwake ardhini sasa yote inapita chini ya fensi inakuja kunywesha maua yangu.

Dawa ilikuwa sepetu. Tukaondoa udongo mpaka ukawa kama sentimita 15 chini ya DPC, tukachimba kimtaro kando ya fensi kikapeleka maji mbele, jirani naye nilipomwonyesha wala hakubisha, akaweka kingo ya zege upande wake. Na ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iiname kutoka ukutani kwenda nje, kipimo kinachotumika sana ni kushuka sentimita 15 kwenye mita 3 za mwanzo, ukiweka ubao mrefu na pima maji unaona mwenyewe.

Ila nikafanya kosa lingine, nikapaka rangi baada ya wiki tatu. Ikavimba tena, nikadhani mzee kanidanganya. Ukuta haukauki hivo, kuna kanuni ya makadirio kwamba kila milimita 25 za unene zinataka mwezi mmoja, ukuta wa sentimita 15 ni nusu mwaka hiyo. Kwahiyo ukishaziba chanzo acha ukuta wazi, vumilia ubaya wake, fungua madirisha.

Doa la maji kwenye dari

Doa haliko chini ya tundu. Maji yakipita kwenye bati au kigae yanakamata mbao, yanatembea nayo kwa mteremko mita kadhaa, yakifika kwenye msumari au kiungo ndo yanadondoka. Panda darini mchana, zima tochi, ukae kimya macho yazoee giza, tundu lolote litakuonyesha nyota. Kanyaga mbao tu jamani, singibodi haikubebi. Usipoona mwanga, mtu mmoja akae darini na tochi na mwingine apande na mpira wa maji, anaanzia chini karibu na gata anapanda kidogo kidogo, dakika kadhaa kila sehemu, ukianzia juu utalowesha paa lote na hutajua ni wapi palipopitisha.

Wakosaji wa kawaida ni raba za misumari ya bati zilizopasuka kwa jua, bonde ambapo mapaa mawili yanakutana limejaa majani, na sehemu bomba la hewa linapotokeza juu ya paa. Majani ya mti wa jirani yanahesabika humo. Na kama kuna tanki huko juu, angalia boya lake kabla hujalaumu paa.

Bili ya maji imepanda na hakuna kilichobadilika

Mita haidanganyi ukiijua kuisoma. Usiku watu wakishalala, funga koki zote, hakikisha hakuna tanki linalojaa, nenda na tochi kwenye mita uangalie kile kigurudumu kidogo au pembetatu ndogo katikati. Inatakiwa isimame kabisa. Ikiwa inazunguka hata polepole kama mshale wa saa, maji yanakwenda mahali. Sasa funga valvu kubwa inayoingiza maji nyumbani, rudi utazame. Ikisimama, uvujaji uko ndani. Ikiendelea, uko kati ya mita na nyumba, chini ya ua wako, na hapo tembea ukiangalia chini, sehemu yenye majani ya kijani kibichi peke yake wakati kwingine kumekauka, au udongo unaobonyea, anzia hapo.

Ikiwa ni ndani, mshukiwa wa kwanza ni choo. Kinavuja kimyakimya toka kwenye tanki kwenda kwenye bakuli na kinaweza kumeza mamia ya lita kwa siku bila wewe kusikia kitu. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usiflashi nusu saa, ukikuta maji ya bakuli yamepata rangi basi ile raba ya chini imechoka. Inabadilishwa kwa dakika kumi.

Maji yanatoka kidogo

Bomba moja tu: fungua kichujio cha mdomoni, kimejaa mchanga na chokaa, kiloweke kwenye siki. Maji ya moto tu ndo madogo: ni hita au valvu yake. Nyumba nzima na jirani naye: ni mtaa, kaa utulie. Nyumba nzima na jirani anayo kama kawaida: kuna valvu haijafunguliwa yote, na mara nyingi ni siku fundi alipokuja kutengeneza kitu kingine akaifungua nusu akaondoka.

Wenye tanki juu ya nyumba wanalalamika sana kuhusu shawa. Hesabu yake ni moja tu, kila mita 10 za urefu zinakupa baa 1 ya presha. Tanki likiwa mita 3 juu ya shawa una baa 0.3, na hakuna shawa ya kifahari itakayobadilisha hilo. Panua bomba, nyanyua tanki au weka pampu.

Maji machafu hayaendi, au kuna harufu

Harufu bila maji kusimama, hasa choo cha wageni au bafu lisilotumika: kile kikombe cha bomba chini ya sinki au sakafu kimekauka, maji yaliyokuwa yanazuia harufu yameyeyuka. Mwaga ndoo ya maji. Nimewahi kuona mtu kanunua manukato miezi miwili kwa ajili ya shida ya ndoo moja.

Sinki moja linakwenda polepole, uchafu uko hapo hapo. Ukiflashi choo na bafu linalia glug glug glug au maji yanapanda kwenye tundu la sakafu, acha kuzibua masinki, njia kuu imeziba au bomba la hewa limeziba. Toka nje ufungue chemba. Chemba kavu wakati ndani kumejaa, kizuizi kiko kati ya nyumba na hiyo chemba. Chemba imejaa, kizuizi kiko mbele, fungua inayofuata, endelea hivo mpaka ukutane na iliyo kavu, kizuizi kiko kati ya iliyojaa na iliyo kavu. Ikivuka fensi yako ni ya mtaa au ya pamoja na majirani, hapo ni mazungumzo sio fimbo.

Kizuizi kinachorudi rudi sehemu ile ile kila baada ya miezi ni mizizi. Mti unafuata maji, unaingia kwenye kiungo cha bomba kwa mzizi mwembamba kama uzi, ndani unachanua kama ndevu, karatasi zinanasa. Kuzibua ni kunyoa tu, zitaota tena mpaka ubadilishe kile kipande cha bomba.

Wenye shimo la maji taka, wengi wanalinyonya kila miaka 3 hadi 5 kutegemea na mko wangapi. Likijaa baada ya mvua kubwa tu na kupungua lenyewe, sio lazima liwe limejaa uchafu, ardhi imeshiba maji na haipokei, au maji ya paa yako yameelekezwa huko, yaondoe. Na hili silisemi kwa utani: usiingie kwenye shimo wala usiinamishe kichwa ndani, hewa ya humo inaangusha mtu kwa pumzi chache na anayeshuka kumwokoa anaanguka naye.

Nyufa

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mpya ni plasta imekauka, kunywa maji ulale. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari, na umeanza kupita milimita 5, na mlango wa chumba hicho umeanza kugoma kufunga, hapo upande mmoja wa nyumba unashuka kuliko mwingine.

Usiuzibe kwanza. Chora kwa penseli mstari mdogo kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, piga picha na rula ikiwa pembeni, rudia kila mwezi. Ufa uliosimama miaka ni kovu, ufa unaotembea ndo ugonjwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi ufa unaweza kufunguka kiangazi na kufunga wakati wa mvua, kwa sababu udongo huo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, na mti mkubwa karibu na ukuta unaunyonya zaidi. Kwahiyo nje tena: gata linamwaga kwenye kona ya msingi? Bomba linavuja chini? Jirani amechimba msingi au shimo karibu na mpaka? Ukikuta ufa umelala mlalo kwenye ukuta unaozuia udongo na ukuta umetoa tumbo, weka watoto mbali na mwite mhandisi, hilo sio la kupima kwa penseli.

Umeme

Taa moja inacheza, ni taa au holda. Chumba kizima, ni kiungo kilicholegea, na kiungo kilicholegea kinapata moto, usikiache. Taa zinafifia jioni kila siku muda ule ule na kwa jirani pia, transfoma ya mtaa imezidiwa, ripoti wote pamoja.

Ila ukiona taa za upande mmoja zimefifia huku za upande mwingine zinawaka kali kupita kawaida, zima meni switchi sasa hivi, ndo usome hii baadaye. Hiyo ni dalili ya niutro (waya unaorudisha umeme) iliyokatika au kulegea, na vifaa vyako vinapata umeme mwingi kuliko vinavyoweza kubeba. Piga simu kwa wenye umeme.

Breka ikianguka na kugoma kupanda, chomoa kila kitu, kila kitu sio vile unavyovikumbuka tu, ipandishe, alafu chomeka kimoja kimoja, kitakachoiangusha ndo mwizi. Ikianguka hata hakuna kilichochomekwa na mvua imenyesha, angalia taa za fensi, kengele ya geti, soketi ya nje, pampu. Kugusa nyaya zenyewe mwachie fundi umeme.

Vingine vya harakaharaka

Intaneti inakatika jioni tu, na ukiwa umekaa karibu na ruta iko safi: nyumba zote zinazokuzunguka zina ruta na nyingi ziko kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambako chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu. Badilisha chaneli au hamia 5 GHz, ambayo haipiti kuta nyingi lakini ina nafasi. Maikrowevu nayo inaingilia ile 2.4.

Mbawa za kumbikumbi zimejaa dirishani kwa ndani, au kuna vijia vya udongo vinapanda msingi: mchwa. Usivifagie tu, vunja kimoja katikati, kikirudishiwa baada ya siku chache wapo kazini. Gonga fremu za milango, zinazolia tupu zimeliwa. Toa kuni na mbao zilizoegemea ukuta.

Panya mdogo anapita tundu la milimita 6, penseli ikiingia naye anaingia. Mbu kutoka yai mpaka kuruka ni kama siku 7 hadi 10, kwahiyo mwaga maji ya visahani vya maua, matairi na gata kila wiki, na mtaani mkubaliane siku moja maana mbu wa jirani hajui fensi.

Ukuta unagonga usiku

Kama ni pa! moja unapofunga koki au tanki linapomaliza kujaa, ni maji yamesimamishwa ghafla ndani ya bomba. Inazidi usiku kwa sababu mtaa mzima umelala, hakuna anayechota, presha ya njia kuu inapanda. Punguza kidogo valvu kubwa, kaza vishikizo vya mabomba, ikigoma weka kifaa cha kupunguza presha. Kama ni tik tik tik juu jua likizama na asubuhi linapochomoza, ni bati linanywea na kutanuka, hilo liache.